Kelele za injini na milio mingine ya haibridi kwenye mwendo mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu haibridi, yaani magari yenye injini na mota ya umeme, zilizojaa barabarani kwetu: Toyota Aqua, Prius, Axio na Fielder Hybrid, pamoja na Nissan Note e-Power na Honda Fit na Vezel. Nyingi zimeingia zikiwa zimeshatumika Japani, na vitabu vyake ni vya Kijapani. Fundi aliyezoea magari ya kawaida huzisikiliza kwa sikio lilelile, akabadilisha maunting (mipira inayoshikilia injini), akabadilisha plagi, akabadilisha pampu, na mlio ukabaki palepale. Kwenye haibridi, swali la kwanza ni mlio unatokea lini. Unafuata mzunguko wa magurudumu? Unafuata injini? Unafuata pedali ya breki? Au unakuja na kuondoka hata gari likiwa limesimama na injini imezima? Ukiweza kujibu hilo, umeshajua upande gani wa gari wa kufungua.

Niko kwenye foleni, gari limesimama, injini inawaka yenyewe. Ni ubovu?

Hapana. Kwenye Toyota, injini, mota inayozalisha umeme (MG1) na mota inayosukuma magurudumu (MG2) zimeunganishwa kwa gia za sayari, bila kluchi na bila mkanda. Ndiyo maana injini inaweza kuzunguka gari likiwa limesimama, na gari linaweza kutambaa injini ikiwa imezima.

Asubuhi injini huwaka ili kuipasha moto katalisti ya ekzosti (kisafisha moshi). Huzunguka mara 1,200 hadi 1,300 kwa dakika, kwa muda wa kama dakika moja, hata betri ikiwa imejaa. Mlio wa dakika hiyo huwa wa kukwaruza kwa sababu kompyuta huchelewesha cheche za plagi makusudi, gesi itoke kwenye silinda ikiwa bado ya moto mkali. Usikanyage mafuta ukidhani unaisaidia. Huku Dar es Salaam au Mombasa dakika hiyo huisha upesi. Kwenye baridi ya Njombe, Makete au Limuru injini hukaa muda mrefu zaidi, hasa ukiwasha hita, maana joto la ndani ya gari linatoka kwenye maji ya injini.

Ikishapata moto, injini huwaka foleni kwa sababu chaji ya betri kubwa (ya haibridi) imeshuka. Kompresa ya AC kwenye magari haya ni ya umeme na haihitaji injini, lakini hula betri, kwa hiyo jua kali na foleni ndefu huileta injini mara kwa mara. Kuwaka kwa dakika chache kisha kuzima kwa dakika chache ni kawaida. Kinachotia shaka ni injini kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, huku vipimo vya chaji kwenye dashibodi vikipanda kujaa na kushuka ghafla. Hapo betri imedhoofika. Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20 zenye jumla ya volti 144, na ya Prius ya kizazi cha tatu (2009 hadi 2015) ina moduli 28 zenye volti 201.6. Kila moduli ina seli sita za volti 1.2. Fundi apime kwa kompyuta volti za kila bloku (kundi la moduli) gari likiwa linavuta: bloku iliyo chini ya wenzake kwa kama volti 1.2 ina seli iliyokufa. Kompyuta ikifikia kutoa kodi ya hitilafu P0A80, betri imeshasema yenyewe.

Nikikanyaga mafuta kupanda mlima, injini inalia sana lakini mwendo hauongezeki. Giaboksi inateleza?

Kwenye Toyota hakuna kitu cha kuteleza mle ndani. Kompyuta huchagua mzunguko wa injini kulingana na nguvu unayoomba, na mwendo wa gari hufuata nyuma yake. Kwenye haibridi ya Toyota, injini kupanda juu na kukaa hapohapo wakati gari likichapuka taratibu ni tabia ya kila siku.

Kinyume chake pia hutokea. Kwenye mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, injini huvuta mzigo mkubwa kwa mizunguko michache, kama 1,000 hadi 1,400, na hutoa mvumo mzito unaousikia kifuani. Hivyo ndivyo inavyookoa petroli. Mvumo huo ukiambatana na mtetemo kwenye usukani na kiti, kagua maunting za injini.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, ukishuka taratibu kwa gia ya B (ya kuteremkia), au betri ikijaa katikati ya mteremko, injini itanguruma sana bila kuchoma mafuta. MG1 inaizungusha ili kumaliza umeme uliozidi. Acha ilie, inazilinda breki zako zisiungue.

Kuna mlio wa "wiiii" ninapoondoka na ninaporudi nyuma. Ni wa nini?

Inaweza kuwa milio miwili tofauti, na kuitenganisha ni rahisi.

Mmoja unasikika zaidi nje kuliko ndani, unaanza gari likianza kutembea, unapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, kisha unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa hivi. Hiyo ni spika ya tahadhari kwa watembea kwa miguu, iliyofungwa nyuma ya bampa la mbele. Mwingine unasikika ndani, mwembamba kama wa treni ya umeme, na unakuwa mkali zaidi unapokanyaga breki taratibu kuelekea kusimama. Huo ni wa mota na inveta (kifaa kinachogeuza umeme kati ya betri na mota) wakati wa kurudisha umeme kwenye betri. Yote miwili ni ya kiwandani.

Mlio wa mota ukiongezeka mwaka hadi mwaka, ukawa kama wa beringi inayosaga, kagua oili ya giaboksi. Toyota hutumia oili aina ya ATF WS. Kosa linalorudiwa sana ni kuweka oili ya CVT (giaboksi ya mkanda) kwa sababu mtu amesikia gari ni "CVT". Usikubali. Oili hii hupita kwenye nyaya za mota zenye umeme mkubwa, na si kila oili inafaa hapo. Prius ya kizazi cha tatu huchukua kama lita 3.4. Fundi afungue kwanza nati ya kujazia, ndipo afungue ya kumwagia; akimwaga kwanza halafu nati ya juu ikagoma, gari halitoki gereji. Ajaze hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa.

Naweza kuizima spika ya tahadhari? Inaniudhi.

Kuchomoa waya wake kunawezekana. Tunakuomba usifanye hivyo.

Mwaka 2009 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika mienendo ya taratibu, kama kupunguza mwendo, kurudi nyuma, kuingia na kutoka maegesho, haibridi zilikuwa na uwezekano wa kumgonga mtembea kwa miguu mara mbili ya magari ya injini tupu. Japani ilitoa mwongozo wa sauti hizi Januari 2010, na Agosti mwaka huohuo Toyota ikaanza kuuza kifaa cha kufunga kwenye Prius ya kizazi cha tatu kwa yen 12,600. Ulaya, kila gari jipya la haibridi au la umeme linalouzwa tangu Julai 1, 2021 lazima liwe nacho. Kiwango cha Umoja wa Mataifa, kanuni namba 138, kinataka angalau desibeli 50 kwenye kilomita 10 kwa saa na 56 kwenye kilomita 20, na mlio upande kadiri mwendo unavyopanda, ili asiyeona ajue gari linakaribia au linatulia. Marekani huutaka mlio huo hadi kilomita 30 kwa saa.

Fikiria mitaa yetu: hakuna njia ya miguu, watoto wanacheza kando ya geti, muuza matunda amekupa mgongo, asiyeona anavuka kwa kusikiliza. Desibeli 56 si kelele. Ni kama maongezi ya kawaida ya watu wawili.

Spika hiyo ilikuwa inalia, sasa kimya. Nianzie wapi?

Anzia kwenye bampa. Mara nyingi bampa limegongwa, likabadilishwa, na soketi ya spika ikaachwa inaning'inia. Sababu nyingine ni maji ya presha ya kuoshea gari, yanayoingia kwenye koni ya spika na kuiozesha. Prius za mwanzo zilizofungiwa kifaa baadaye zina swichi ya kukizima, kwa hiyo iangalie hiyo kabla ya kufungua chochote. Kisha fiuzi, soketi, halafu spika yenyewe.

Asubuhi gari likiwaka linatikisika kama trekta kwa sekunde kadhaa, kisha linatulia. Nisubiri?

Usisubiri. Kati ya maswali yote hapa, hili ndilo linaloua injini za watu wengi, kwa sababu dalili huondoka yenyewe na mtu akaendelea na safari zake.

Kwenye injini ya 2ZR-FXE ya lita 1.8, iliyomo kwenye Prius ya 2009 hadi 2015, Prius α na Lexus CT 200h, chanzo kinachojulikana ni gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake) inayovujisha kulanti (maji ya kupozea injini) ndani ya silinda. Usiku mfumo wa maji bado una presha, matone yanapenya na kukaa juu ya pistoni. Asubuhi silinda hiyo haiwaki vizuri, injini inatikisika, maji yakikauka inatulia. Wiki zinavyopita, sekunde tano zinakuwa ishirini.

Gasketi mara nyingi haifi peke yake. Gari linarudisha sehemu ya moshi wa ekzosti ndani ya injini kupitia kipozeo cha EGR (mfumo huo wa kurudisha moshi) ili kupunguza joto la mwako. Kipozeo hicho kina vijia vyembamba kama meno ya kitana, na masizi huviziba. Moshi usiporudi, mwako unakuwa wa moto zaidi, injini inagonga, na gasketi inachoka.

Kupima, fuata mpangilio huu:

1. Injini ikiwa baridi kabisa, weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye usawa wa kulanti katika tangi lake. Endesha wiki moja. Kulanti ikishuka na hakuna tone chini ya gari, shaka imekuwa kubwa.
2. Soma kodi. P0301 hadi P0304 zinataja silinda isiyowaka vizuri. P0401 inataja EGR isiyopitisha moshi wa kutosha.
3. Jioni, funga pampu ya kupimia presha kwenye mfumo wa maji, ujaze hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, si zaidi. Acha hadi asubuhi.
4. Asubuhi ng'oa plagi nne na uingize kamera ndogo ya waya kila tundu. Pistoni tatu zitakuwa nyeusi kwa masizi. Ile ya nne ikiwa inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, kulanti imekuwa ikiiosha kila usiku. Hapo huhitaji ushahidi mwingine.

Kipimo cha dawa ya buluu inayogeuka rangi juu ya tangi la kulanti kinaweza kuonyesha salama wakati uvujaji bado ni mdogo, kwa hiyo kisikutulize. Na usimwage dawa ya kuziba uvujaji: huziba pia vijia vya rejeta, hita na kipozeo chenyewe. Kulanti ikijaa ya kutosha juu ya pistoni, injini ikilazimishwa kuzunguka hupinda koneti rodi (mkono wa pistoni), na hapo unanunua injini nzima.

Ukirekebisha gasketi bila kusafisha EGR, umeipa gasketi mpya ugonjwa uleule.

EGR husafishwaje, na kila baada ya muda gani?

Mafundi wengi wa haibridi husafisha kila kilomita 80,000 hadi 100,000. Kama umenunua gari lililotumika, safisha mara moja mwanzoni hata kama dashibodi inaonyesha kilomita chache. Huna hakika kilomita hizo ni za kweli.

Vinavyotoka ni vitu vinne: kipozeo kilicho nyuma ya injini upande wa kabini, vali ya EGR, bomba linalokwenda mbele, na manifoldi ya kuingizia hewa. Hiyo manifoldi usiisahau. Ina vitundu vinne vidogo, kimoja kwa kila silinda, na kimoja kikiziba, silinda hiyo hupata moshi pungufu na kuwa ya moto kuliko wenzake.

Mimina maji kwenye kipozeo kabla ya kukisafisha. Kilicho kizima hupitisha maji kama bomba lililo wazi. Kilichoziba hudondosha matone. Kiloweke usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni kali ya kuondoa mafuta, suuza, rudia hadi maji yatoke meupe, kisha kaushe kwa upepo wa kompresa. Usichokoe kwa bisibisi wala waya mgumu. Kuta za vijia ni nyembamba, ukizitoboa kulanti itaingia kwenye injini kwa njia hiyo mpya. Rudisha kwa gasketi mpya, jaza kulanti, toa hewa yote.

Aqua, Axio na Fielder Hybrid zenye 1NZ-FXE ya lita 1.5 nazo zina EGR inayoshika masizi. Gasketi zake hazina sifa mbaya kiasi hicho, ila usafi ni uleule.

Gari linatikisika asubuhi lakini kulanti haipungui kabisa. Basi ni nini?

Plagi zilizoliwa, koili moja iliyochoka, au throtobodi yenye uchafu. Hamisha koili ya silinda inayotajwa na kodi kwenda silinda nyingine. Kodi ikihama nayo, umeipata. Magari haya huwasha na kuzima injini mara nyingi kwa siku, hivyo plagi dhaifu hujulikana mapema. Weka za iridiamu za namba sahihi.

Injini ikiwaka au ikizima husikika "kang" ya chuma. Iko wapi?

Kati ya injini na giaboksi kuna sahani yenye springi inayomeza mshtuko wa injini inapowaka. Springi zikilegea, hugonga. Lakini usiikimbilie, maana kuibadilisha ni kutenganisha injini na giaboksi, na mtikisiko wa gasketi mbovu hutoa sauti hiyohiyo. Ondoa kwanza shaka ya gasketi.

Chuma kinachotetemeka kama kifuniko cha sufuria injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, na kunyamaza ukikanyaga mafuta, karibu kila mara ni bati la kuzuia joto juu ya ekzosti. Bolti zake huoza kwa kutu. Klempu moja kubwa ya chuma humaliza kazi.

Nyuma ya gari kuna upepo kama wa feni ya kukaushia nywele. Ni hatari?

Ni feni ya betri kubwa. Huvuta hewa ya ndani ya gari kuipoza betri, na kwenye joto la Pwani lazima isikike kidogo. Ikilia kwa nguvu kila safari, hewa haipiti. Kwenye Aqua na Fielder tundu la hewa liko kwenye kiti cha nyuma upande wa chini. Kwenye Prius liko ubavuni mwa kiti hicho. Adui mkubwa ni kava za viti zenye pindo refu, ambazo hufunika tundu lote, zikifuatiwa na mifuko ya sokoni na vumbi la barabara ya udongo.

Fungua kifuniko cha tundu, nyonya vumbi kwa mashine. Ikiwa lina kichujio, kioshe na ukikaushe kabisa. Feni yenyewe ikiwa imevaa koti la vumbi, itolewe na kusafishwa kwa brashi laini, lakini anayefika huko awe anajua haibridi: gari lizimwe, plagi ya usalama ya betri ichomolewe, dakika 10 zipite ndipo nyaya za rangi ya chungwa ziguswe, na glavu za umeme ziwe mkononi. Inveta ya Aqua hupandisha umeme hadi volti 520, ya Prius ya kizazi cha tatu hadi 650.

Wakati wa joto, washa AC badala ya kufungua vioo. Betri huvuta hewa hiyohiyo unayopumua.

Nikifungua mlango au nikikanyaga breki, kuna pampu inalia "zzzz" na kubofya. Ni injini?

Ni pampu ya presha ya breki. Hulia sekunde chache ukifungua mlango wa dereva na baada ya kukanyaga pedali mara kadhaa. Unaweza kuipima mwenyewe: weka P, gari likiwa READY (neno hilo likiwaka dashibodi), injini imezima, ondoa mguu kwenye breki, kisha hesabu. Pampu ikikaa kimya, mfumo unashika presha. Ikirudi kulia kila baada ya sekunde chache bila wewe kugusa chochote, presha inavuja ndani. Kodi zake huwa C1391, C1252 au C1256. Hili ni suala la kusimama kwa gari, hivyo usiendelee kulitumia kwa matumaini.

Mkwaruzo wa asubuhi kwenye breki ni jambo jingine, dogo. Mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, pedi huingia hasa chini ya kilomita 10 kwa saa, kwa hiyo diski hazisuguliwi vya kutosha na hewa ya chumvi ya Tanga, Zanzibar au Mombasa huzitia kutu. Kanyaga breki kwa nguvu mara chache barabara ikiwa wazi. Pini za kalipa zisafishwe na kutiwa grisi kila mwaka, kwa maana hapa pedi hukwama kabla hazijaisha.

Nasikia maji yakibubujika.

Nyuma ya dashibodi: kuna hewa kwenye mfumo wa kulanti, au kulanti imepungua. Toa hewa, halafu rudi kwenye jibu la gasketi ujue imepungulia wapi.

Karibu na inveta: fungua kifuniko cha tangi lake dogo, gari likiwa READY na bado halijapata moto. Kulanti ya waridi inatakiwa kutikisika juu, kama uji unaoanza kuchemka. Ikiwa imetulia kama maji ya ndoo, pampu ya inveta imekufa. Gari litakwenda mwendo mdogo kwa muda, kisha taa itawaka kwa kodi P0A93 na nguvu itakatwa. Pampu ni bei ndogo. Inveta si bei ndogo.

Mvumo haubadiliki injini ikiwaka au ikizima. Je?

Basi si injini. Haibridi iko kimya kiasi kwamba unasikia vitu ambavyo gari jingine lingevificha. Mvumo unaobadilika ukikata kona kushoto na kulia ni beringi ya gurudumu. "Ka-ka-ka" ukikata kona kali ni CV joint (kiungo cha ekseli ya gurudumu), na huja haraka kwenye Aqua zilizoinuliwa kwa spesa nene (vipande vya kuinulia gari), kwa sababu ekseli inafanya kazi kwa pembe ambayo haikukusudiwa. Tunaelewa kwa nini watu wanainua: gari lina nafasi ya milimita 140 tu chini, na matuta yetu hayana huruma. Nenda na spesa ya wastani. Kinachoparuza ukipita tuta, halafu kinapiga makofi barabarani, ni plastiki ya chini iliyokatika vibanio.

Oili ya injini inaweza kuleta kelele?

Ndiyo, na zaidi wakati wa kuwaka. Injini hizi zimetengenezwa kwa 0W-20. Ukiweka 20W-50 kwa sababu "nchi yetu ina joto", oili nzito inachelewa kufika juu kila injini inapowaka, na kwenye foleni inawaka mara nyingi mno. VVT-i (mfumo unaopanga wakati wa vali kufunguka) hugongagonga. Kama 0W-20 haipatikani, 5W-30 ya sinthetiki ni mbadala unaoeleweka. Aqua huchukua kama lita 3.7 na kichujio, Prius ya 1.8 lita 4.2, mwisho wa yote soma kijiti. Prius ya 1.8 yenye kilomita nyingi inaweza kula oili, hivyo kijiti kisomwe kila mwezi.

Fundi anataka kuisikiliza injini lakini inajizima. Itabakije imewaka?

Toyota zina hali ya matengenezo. Fanya yote haya ndani ya sekunde 60, gari likiwa P na handbreki imevutwa:

Bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki, dashibodi iwake. Kanyaga mafuta hadi chini mara mbili. Kanyaga breki, weka N, kanyaga mafuta hadi chini mara mbili. Rudisha P, kanyaga mafuta hadi chini mara mbili. Maandishi ya MAINTENANCE MODE yakitokea, kanyaga breki na bonyeza kitufe. Injini itawaka na kubaki kwenye kama mizunguko 1,000.

Ukimaliza zima gari, hali hiyo inafutika. Usiendeshe gari likiwa humo, giaboksi inaweza kuumia.

Note e-Power na Honda nazo ni hivyohivyo?

Hapana. Kwenye Note e-Power, iliyotoka Novemba 2016, injini ya lita 1.2 yenye silinda tatu haigusi magurudumu kabisa. Inazalisha umeme tu. Hivyo itawaka ghafla ukiwa unatambaa, ikakaa kwenye mzunguko mmoja wa juu ya 2,000, halafu ikazima, bila uhusiano na mguu wako. Silinda tatu hutetemesha zaidi. Note yenye e-Power ya kizazi cha pili, ya mwisho wa 2020, hutambua barabara mbaya na kupendelea kuwasha injini hapo, kelele za matairi ziifunike.

Fit na Vezel za mfumo wa i-DCD, za kuanzia 2013, zina giaboksi ya gia saba yenye kluchi mbili. Hizo ndizo haibridi ambazo mishtuko na mlio wa kukwaruza kwenye foleni ya mlimani unaweza kuwa kluchi kweli. Acha nafasi mbele yako, nenda kisha simama kabisa, usilishikilie gari mlimani kwa mafuta.

Nanunua haibridi iliyotumika. Nisikilize nini?

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ufike asubuhi. Shika bonneti; ikiwa ya moto, ahirisha uje siku nyingine. Soma usawa wa kulanti kwenye matangi yote mawili, la injini na la inveta. Washa, simama mbele ya gari, sikiliza dakika nzima ya kwanza, mtikisiko wowote uuone kwa macho kwenye injini. Iwashe AC, acha gari dakika 15 READY, hesabu injini imewaka mara ngapi na pampu ya breki imelia mara ngapi. Kisha tembea nalo kwa kilomita 20 kwa saa kando ya ukuta, vioo vimefunguliwa, redio imezimwa: ukuta hukurudishia mlio wa beringi na wa spika ya mbele. Fundi asome kodi kabla hujatoa hela, pamoja na zile zilizohifadhiwa, na aangalie kama zimefutwa siku hiyohiyo.